Sauti ya Bi Mashavu katika Vioo vya Amanani

Safari yenyewe msiniulize. Hata Semdoe mwenyewe ukimuuliza alifikaje Amanani atakujibu kwamba alipanda akashuka, basi, kisha huyo anarukia habari za foleni. Ninachojua ni kwamba alitumwa. Kwao alikuwa msimamizi wa tawi la benki katika mji mmoja mdogo wa mkonge, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni, na wakubwa wake walimwambia: nenda ukatazame wenzetu wa Amanani walifanyaje vilipoingia vioo, kisha urudi utuambie kama madirisha yetu ya kutolea fedha tuyafunge au tuyaache. Semdoe alifurahi kuchaguliwa. Moyoni jibu alikuwa nalo tayari, nalo lilikuwa yafungwe. Alikuwa anakwenda kutafuta ushahidi tu, kama mume anayeomba ushauri nyumbani huku ng'ombe keshamnunua.

Amanani ni nchi ya adabu. Fedha yao ni simbi, zile kauri nyeupe za pwani, na hakuna mtu anayelala nazo nyumbani kwake. Zote hukaa Nyumba Kuu ya Amana, jengo la mawe lililo katikati ya mji, kila mwananchi na rafu yake. Zamani, ukizitaka simbi zako, ulikwenda ukapanga foleni mbele ya dirisha. Na foleni ya Amanani si ya kukanyagana visigino kama zetu. Ilikuwa na mila zake. Watu walichumbiana humo, kesi ndogondogo zilikatwa humo, na wawili waliogombana walisimamishwa mmoja nyuma ya mwenzake mpaka wapatane, maana foleni haikusogea huku ndani yake mna ugomvi. Tusi kubwa kuliko yote katika nchi ile ni kumwambia mtu kwamba hana aliye nyuma yake.

Ukifika dirishani hukuulizwa jina. Jina, wasema Waamanani, hata mwizi analijua. Inasimuliwa kwamba mfalme wao mmoja wa kale aliibiwa kanzu na kilemba akiwa anaoga mtoni. Mwizi akavivaa, akaenda Nyumba Kuu, akalitaja jina la mfalme kwa ufasaha kuliko mfalme mwenyewe, akaondoka na rafu nzima. Tangu siku hiyo ikawekwa sheria: simbi haitoki mpaka mwenye nayo aulizwe habari za nyumbani, mtu mmoja mmoja kwa jina lake, naye ajibu. Mama hajambo? Kikohozi cha mtoto kimepoa? Yule shemeji aliyekwenda kulima amerudi? Mwizi anaweza kuvaa kanzu yako, lakini shemeji zako hawezi kuwavaa.

Sheria ikaongeza jambo lililomshangaza Semdoe alipoelezwa. Mshika dirisha, kwa maana ya yule akaaye nyuma ya dirisha na kuuliza, alikatazwa kukanyaga nyumbani kwa mteja, na ilikuwa mwiko mtu mwingine kumpasha habari za mteja nje ya dirisha. Habari lazima aletewe na mwenyewe, kwa kinywa chake. Kwa hiyo washika dirisha waliishi mle mle Nyumba Kuu, katika vyumba vya uani, na wakipita sokoni watu waliokuwa wakiteta walinyamaza, wakawaamkia kwa heshima, wakangoja wapite. Dunia nzima iliwafikia kupitia tundu moja.

Kisha vikaja vioo. Kioo cha Amanani ni kidogo, kinaenea kiganjani. Ukikipangusa kwa kidole gumba unaiona rafu yako, na ukimtaja mtu, simbi zako zinakuwa zake papo hapo, wewe umekaa kwako unakatakata mchicha. Semdoe alikiona kwa mara ya kwanza asubuhi aliyofika, kibandani kwa Kidawa, mwanamke muuza maandazi aliyempangisha chumba. Wateja walikuja, wakala, wakapangusa, wakaenda zao. Kidawa hakusimama hata mara moja. Semdoe alitabasamu mwenyewe kwa mwenyewe. Ushahidi huo!

Ndipo Kidawa naye akapangusa chake ili amlipe muuza unga, na kioo kikasema, kwa sauti ya mwanamke mtu mzima, nzito kidogo, yenye upole wa shangazi: "Nyumbani hamjambo, Kidawa? Mumeo Bwana Mkadamu hajambo?"

"Hajambo sana!" akajibu Kidawa, huku anageuza maandazi.

"Vizuri, tumshukuru Mungu. Unampelekea nani?"

Muuza unga alipokwisha kulipwa, Semdoe, aliyelelewa vizuri, akaomba amsalimie mwenye nyumba.

"Mwenye nyumba yupi?" Kidawa akacheka mpaka akaweka kijiko chini. "Mkadamu kanikimbia, kaka yangu. Tena mara ya pili hii. Mara ya kwanza vioo vilikuwa havijaja. Nikaenda dirishani, nikaulizwa mume hajambo, na sheria ni sheria, nikasema kweli mbele ya foleni nzima. Unajua nyuma yangu alikuwa amesimama nani? Mama mkwe. Nusura nizame ardhini. Sasa kioo kikiniuliza nakijibu hajambo, nacho kinaniamini. Yaishe. Dirishani nirudi kutafuta nini?"

Semdoe akakubali kwamba hakuna. Akauliza sauti ile ni ya nani.

"Ya Bi Mashavu. Nenda Nyumba Kuu utamkuta, ndiye pekee aliyebaki," akasema Kidawa, na uso wake ukalegea kidogo. "Mtu mwema sana yule. Ukimwona usimwambie ya Mkadamu, ni mwiko."

Nyumba Kuu ilikuwa na ukumbi wa kuchezea ngoma mbili kwa wakati mmoja, na mtu aliyekuwamo alikuwa mmoja tu. Huyu ni Bwana Makungu, Mkuu wa Foleni, mzee mwembamba mwenye fimbo, ambaye kila kulipokucha alifunga kamba kutoka nguzo hadi nguzo, mapindi kwa mapindi, kama alivyofundishwa ujanani. Semdoe alipotaka kukatisha kwenda mbele, fimbo ikamzuia.

"Pitia kambani, bwana."

"Lakini hapana mtu, mzee wangu."

"Ndiyo maana utapita haraka."

Semdoe akapita kambani, kushoto, kulia, kushoto, akijihisi mjinga, na kila alipofika kona Bwana Makungu alimwambia "sogea" kwa sauti ya kutia moyo. Kwenye ukuta wa mbele alihesabu madirisha kwa macho akakuta karibu yote ni tofali, mengine yamepakwa chokaa ya zamani, mengine mbichi bado. Lililokuwa wazi ni moja, pembeni kabisa.

Kabla ya kumruhusu kulifikia, Bwana Makungu alimwonyesha nyuma, kwenye rafu, kwa fahari ya mwenyeji. Huko Semdoe hakuyaamini macho yake. Wachukuzi walikuwa wakikimbia na vikapu vya simbi kutoka rafu hii kwenda rafu ile, jasho linawachuruzika, wanapigana vikumbo, wanaombana radhi, wanakimbia tena. Kila aliyepangusa kioo mahali popote nchini alimtimua mmoja wao. Semdoe alipouliza kuna haja gani ya kubeba, alijibiwa na msimamizi wao kwamba simbi isiyobebwa haijalipwa, hilo hata mtoto analijua.

"Na mnaendana na vioo?"

"Tunajitahidi. Sasa hivi tunabeba za Mfungo Mosi."

"Huu ni mwezi gani kwenu?"

"Rajabu," akasema yule msimamizi, bila haya yoyote ya kuchelewa miezi tisa.

"Hakuna aliyelalamika?"

"Alalamike nani, bwana? Haji mtu kutazama rafu yake."

Semdoe alilegeza tai. Alikumbuka chumba kimoja cha nyuma katika tawi lake mwenyewe, akaamua kutokikumbuka.

Waliporudi ukumbini, Bwana Makungu akamweleza jinsi sauti ilivyoingia vioo. Vioo vilipokuja havikuwa vinasema. Watu walipangusa, simbi zikaenda, na wanasheria wakapiga kelele: je, nyumbani wameulizwa? Baraza likakaa, likajadili msimu mzima wa mahindi. Wapo waliotaka kioo kionyeshe picha ya nyumba, iwe badala ya swali. Wakapingwa na wazee waliosema swali lisilosikika si swali. Wapo waliotaka mpiga ngoma wa mfalme. Mtu mmoja, tena hakuwa msomi wa kutajwa, akauliza: na jibu nani atalisikiliza? Ndipo mwanachuoni wao mkubwa akasimama, akasema kwamba sheria inataka mteja aulizwe naye ajibu. Kwamba lazima awepo mtu wa kusikiliza, haikusema popote. Wakampigia makofi mpaka vumbi likatoka darini.

Wakamchagua Bi Mashavu, kwa kuwa hakuna mshika dirisha aliyeuliza na kujibiwa zaidi yake. Wakamweka chumbani mbele ya mtungi mkubwa, akasema ndani yake majina ya mji mzima, wake kwa waume, wachanga kwa vikongwe, na mbuzi waliokuwa wagonjwa. Kisha mtungi ukazibwa kwa udongo, na vioo vyote nchini vikawa vinanywa sauti humo. Malipo hakutaka simbi. Alitaka ahadi. Madirisha mengine yalitakiwa kufikiwa na mteja kila siku, la sivyo ni tofali. Lake akaomba liachwe ikiwa mteja mmoja tu atafika kati ya mwezi mwandamo na mwezi mwandamo. Baraza likakubali, likiona ni dogo hilo.

"Na mteja huyo yupo?" Semdoe akauliza.

"Alikuwapo," akasema Bwana Makungu, akitazama fimbo yake. "Mzee Pandu, msuka vitanda. Haikupita Ijumaa bila yeye kuja. Mwezi huu hajatokeza. Na mwezi unaandama kesho. Ikifika alasiri hajaja, mafundi wanajenga, na Bi Mashavu anapewa mkeka na sufuria anaambiwa ahsante. Haya, sogea, zamu yako."

Bi Mashavu alikuwa mwanamke mnene, kanga zake zimenyooka, amekaa nyuma ya dirisha kama mtu anayetazamia wageni. Semdoe alipomwamkia, aliitikia kwa ile ile sauti ya kioo, na Semdoe akashtuka kama aliyemkuta mtu wa kwenye picha anatembea.

"Marahaba, mwanangu. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo," akasema Semdoe, akidhani yameisha. Lakini yule mama alikuwa akimtazama, anangoja, na kioo hakingoji. Semdoe akajikuta anasema kwamba mama mkwe wake goti linamsumbua, kwamba mtoto wake wa pili hasemi naye tangu walipokosana habari ya shule, na kwamba yeye mwenyewe hajui aanzie wapi. Hayo hajamwambia hata mkewe. Bi Mashavu alisikiliza yote, akauliza jina la mtoto, akalirudia mara mbili ili alishike.

Kisha akainamia tundu la dirisha, akashusha sauti. "Mgeni, wewe sheria yetu haikufungi. Nisaidie. Mzee Pandu anakaa mtaa wa nyuma ya soko. Mtazame tu kama ni mzima. Labda nilimuudhi. Mara ya mwisho nilimcheka habari ya kuku."

"Kuku gani, mama?"

Bi Mashavu akachangamka. "Kuku wa Shinuna, mkewe! Wana vita, Shinuna na yule kuku, mwaka wa ngapi sijui. Kuku anataga kitandani, Shinuna anamfukuza na upawa, Pandu anasuluhisha. Shinuna chai yake hainyweki kwa pilipili manga. Shinuna akikasirika anaimba. Namjua kuliko ninavyowajua ndugu zangu, na uso wake sijapata kuuona." Akafuta vumbi ubaoni kwa kiganja. "Siku hizi sijui chochote, mwanangu. Tangu watu waache kuja, mji umenizimikia. Nawaulizia watu kila siku kwenye vioo vyao, na hakuna hata jibu moja linalonifikia."

Semdoe akaahidi. Njiani alijiambia kwamba anakwenda kwa ajili ya taarifa yake tu, lakini alikuwa anatembea upesi kuliko mtu wa taarifa.

Kumbe nyumba ya Mzee Pandu ilikuwa ukuta kwa ukuta na ya Kidawa. Kidawa alipoulizwa alionyesha mlango kwa kidole, akageuka haraka kwenye karai lake. Semdoe akapiga hodi, akakaribishwa. Mzee alikuwa ameketi juu ya kitanda alichokisuka nusu, kioo kiko gotini. Alikipangusa.

"Nyumbani hamjambo, Mzee Pandu? Bi Shinuna hajambo?"

"Hajambo. Yuko jikoni."

"Vizuri, tumshukuru Mungu. Unampelekea nani?"

"Mimi mwenyewe," akasema mzee. Akangoja kidogo, akapangusa tena, akaulizwa tena, akajibu tena kwamba yuko jikoni.

Semdoe akageukia mlango wa jikoni, akapaza sauti kwa adabu: "Shikamoo, mama!" Kimya. Akadhani labda masikio ni mazito, akasogea, akachungulia. Jiko lilikuwa limefagiliwa, majivu hakuna, na juu ya mafiga alikuwa amelala kuku mwekundu, ametulia kabisa, hana wa kumfukuza.

Upande wa pili wa ukuta Kidawa akakohoa. Semdoe akatoka. "Tulimzika mwezi ulipoandama," akasema Kidawa kwa sauti ya chini, macho mekundu. "Mzee hajalia. Hajalisema hata neno lenyewe. Sisi tumechoka kumwambia pole, maana anatuuliza pole ya nini."

Semdoe akarudi ndani, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Pole hakuthubutu. "Mzee, Bi Mashavu amenituma. Kesho alasiri mafundi wa tofali wanakuja."

"Najua."

"Basi twende, mzee wangu. Ni mara moja tu. Ukachukue hata simbi moja, dirisha lake lipone."

Mzee Pandu alikitazama kioo muda mrefu. "Nikifika pale ataniuliza," akasema. "Hiki nikikijibu hajambo, kinafurahi, na mimi nafurahi. Mashavu nitamjibu nini? Yule sijapata kumdanganya hata siku moja. Na ile kweli haitamkiki. Nimejaribu, mwanangu. Nimejaribu humu ndani peke yangu, mlango nimefunga. Inafika hapa," akashika koo, "inarudi. Mwambie anisamehe. Mwambie Pandu ni mwoga."

Sasa mnaona mambo yalivyokuwa. Aliyeweza kumwokoa Bi Mashavu alikuwa mtu mmoja katika nchi nzima, na nauli ya kufika kwake ilikuwa neno moja asiloweza kulitamka. Semdoe, ambaye kwao alisifiwa kwa kutatua mambo, usiku ule alijilaza akiwa na nguo zake, hakutatua kitu.

Kesho yake alasiri ilipokaribia alikwenda Nyumba Kuu. Bi Mashavu alikuwa amevaa kanga mpya na kujifukiza udi. Mafundi wawili walikuwa wamechuchumaa chini ya ukuta na tofali zao, wanaangalia kwingine kwa aibu, maana mmoja wao Bi Mashavu alimuulizia meno yalipokuwa yakimwota. Bwana Makungu alikuwa amekaza kamba kuliko siku zote, na kila kivuli kilichopita mlangoni kilimfanya anyanyue fimbo. Kwa unyonge akamuuliza Semdoe kama hana rafu Amanani, hata rafu ndogo. Hakuwa nayo.

"Umemwona?" Bi Mashavu akauliza, Semdoe alipomaliza kona ya mwisho.

"Nimemwona, mama. Ni mzima."

"Kakasirika?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini haji?"

Semdoe akamtazama Bwana Makungu. Mzee wa foleni alielewa. Alikuwa ameilinda sheria ile maisha yake yote, na sasa akageuka, akawapa mgongo, akaanza kufunga kwa makini fundo la kamba ambalo lilikuwa limeshafungwa.

"Bi Shinuna amefariki, mama," akasema Semdoe. "Walimzika mwezi ulipoandama. Mzee hawezi kulisema."

Bi Mashavu hakupiga ukelele. Mikono yake ilikaa vile vile ubaoni. "Na mimi namuuliza," akasema. "Mwezi mzima, kila akipangusa, namuuliza Shinuna hajambo." Akafunika mdomo kwa upindo wa kanga. Kisha akainuka.

"Bi Mashavu," akasema Bwana Makungu bila kugeuka, "adhana bado. Ukiacha kiti kabla yake dirisha ni tofali hata kama atakuja. Na nyumbani kwa mteja..."

"Sheria naijua, Makungu. Nimeikalia tangu usichana wangu."

Akatoka kwa mlango mdogo wa pembeni. Mbele yake zilikuwepo zile kamba, mapindi yote, na yeye ni mtu wa Nyumba Kuu, angezipita kona kwa kona. Lakini Bwana Makungu, ambaye hakupata kumkatishia foleni hata mfalme, alikwenda nguzo kwa nguzo akizifungua, mpaka njia ikawa moja iliyonyooka kwenda mlangoni. Mama wa watu akapita katikati ya ukumbi, na mafundi wakasimama.

Mitaa hakuijua. Alijua nani anakaa jirani na nani, nani ana kisima na nani ana deni, lakini kona ya kupinda kushoto ilibidi aonyeshwe na Semdoe. Watu walinyamaza kama kawaida, wakamwamkia, wakangoja apite; na alipopinda kuingia mtaa wa makazi, ambako mshika dirisha hajapata kuonekana, wakaacha walichokuwa wakifanya. Kidawa aliyaacha maandazi kwenye mafuta, akaja nyuma. Wakubwa wa Semdoe wakimuuliza leo, yafungwe au yasifungwe, yeye huwauliza kwanza watamtuma nani kwenda kutoa pole, nao hudhani safari ilimchosha.

"Hodi, Pandu."

Mzee aliisikia sauti, akakitazama kioo. Hakuwa amekipangusa. Akainua macho akamwona mlangoni, mzima mzima, na alivyoshtuka kidole gumba kikateleza juu ya kioo.

"Nyumbani hamjambo, Mzee Pandu?" kioo kikasema. "Bi Shinuna hajambo?"

Mzee akafungua mdomo. Akamtazama Bi Mashavu, akakitazama kioo, akaufunga. Bi Mashavu akavuka kizingiti, akainama juu ya goti lake, akaijibu sauti yake mwenyewe.

"Shinuna amekufa, mwanangu," akasema. "Amekufa. Tumemzika."

"Vizuri," kikasema kioo kwa upole ule ule, "tumshukuru Mungu. Unampelekea nani?"

Hakuna aliyekijibu. Mzee Pandu alikuwa ameinamisha kichwa mpaka magotini, na kilio kilichokuwa kimekwama mwezi mzima kikatoka, kibaya, cha sauti kubwa, hata kuku akaruka kutoka mafigani akakimbilia uani. Kidawa akajipangusa macho mlangoni. Bi Mashavu akavua viatu, akakaa chini mkekani, katika nyumba ya mteja kwa mara ya kwanza maishani mwake, akangoja. Kungoja ndiyo kazi aliyoijua. Mbali, upande wa Nyumba Kuu, adhana ya alasiri ikaanza.

"Nimekwisha kukusemea," akasema, mzee alipotulia. "Sasa nieleze. Aliugua nini? Anza mwanzo, usiruke kitu. Mimi leo sina pa kurudi."

Mzee Pandu akajifuta uso kwa kiganja, akasogea ampishe nafasi, akaanza.